Chumvi Kwenye Kisima Namba Tisa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mwanamke aliyevaa koti la mvua la kijani, ingawa mvua haipo, amepiga magoti mbele ya bomba la chuma lililochomoza ardhini kimo cha goti. Anafungua kufuli. Anachungulia ndani ya bomba. Anainua kichwa, anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha anamtazama mwandishi wa makala haya kama mtu anayehesabu vijiko mgeni akiaga.

"Kitambulisho chako nilikiona jana," anasema. "Leo sijakiona."

Anaonyeshwa. Anakisoma mbele na nyuma, anakirudisha bila kusema ahsante.

Anatoa kipande cha chaki mfukoni na kupaka mita moja ya mwisho ya utepe wa chuma. Anaushusha bombani polepole, midomo ikihesabu. Huko chini kuna maji. Utepe ukiyagusa, chaki inalowa, na pale weupe unapokatika ndipo anapojua kina chake. Anauvuta, anasoma, anaandika. Kisha anaufuta, anaupaka chaki upya na kuanza tena.

"Mara ya kwanza ni ya ofisi," anasema. "Mara ya pili ni yangu."

Kazini na mtaani wanamwita Mama Chaki. Ana miaka arobaini na sita, watoto wawili walio shuleni, na vidole ambavyo haviishi weupe hata siku ya harusi. Kwa miaka mitatu sasa anapima visima kumi na vinne vya aina hii, kila siku ya kazi, kwa miguu. Mshahara wake, kwa maneno yake, "unafika mwisho wa mwezi ukiwa unachechemea."

Anacholinda hakionekani. Maji yote ambayo mji unayamwaga, ya jikoni, ya bafuni na, ndiyo, ya chooni, hupelekwa kwenye mabwawa ya kusafishia pembezoni mwa makazi. Yakishasafishwa huunganishwa na maji ya mvua kutoka kwenye mitaro, kisha humwagwa katika mashimo makubwa manne ya mchanga. Humo hunywea taratibu, yakichujwa na mchanga na udongo, hadi yanajikusanya chini kabisa ambako jua haliyafikii. Kiangazi kikianza, pampu huyavuta na kuyapeleka kwenye mashamba ya bondeni.

Ofisini wanaiita hifadhi hiyo "benki ya maji". Wakulima wanaiita "stoo". Watu wa mtaa ulio jirani na mashimo wana jina lao, nalo halichapishiki kwenye gazeti linalosomwa na familia.

Mwandishi huyu naye alifika akiwa amekunja uso. Miradi inayoanza kwa hotuba na kuishia kwa kutu ameshaiona mingi. Ukiambiwa maji ya choo yamewekwa chini ya nyumba za watu na kila kitu ni shwari, huna budi kuuliza: shwari kwa nani?

"Uliza tu," anasema Mama Chaki akifunga kufuli na kulivuta mara tatu kuhakikisha. "Mimi mwenyewe ndiyo kazi yangu. Nalipwa kushuku."

Bomba alilokuwa akilipima ni kisima namba tisa, nacho ndicho kinachomnyima raha. Visima vingine viko upande wa bonde. Namba tisa kimesimama peke yake kati ya shimo la tatu la mchanga na mtaa wa nyumba. Ukitoka hapo ukahesabu hatua arobaini na tatu, unagonga ukingo wa kisima cha uani kwa mama yake mzazi, ambaye maji ya kisima hicho ndiyo anayokunywa.

Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani ofisini, mishale ya bluu inaonyesha kwamba maji ya chini yanateremka kuelekea bondeni, kwa wakulima. Hakuna mshale hata mmoja unaoelekea kwenye nyumba. Namba tisa kiliwekwa kuwa mlinzi tu, endapo mishale itakosea njia.

Mlinzi huyo anasikilizwa kwa chumvi. Maji yaliyosafishwa hubaki na chumvi kidogo kuzidi maji ya asili ya pale, na chumvi haichujwi na mchanga wala haiozi. Kwa hiyo kila Jumatatu Mama Chaki huchota maji ya namba tisa, akatumbukiza kifaa kidogo cha mkononi na kusoma namba. Namba ikipita mia tano Jumatatu tatu mfululizo, sheria ya mradi inasema kila kitu kifungwe, kumwaga na kuvuta, hadi sababu ijulikane.

Kwa miaka mitatu namba haikuvuka mia nne na ishirini.

Mwishoni mwa masika mwaka huu mradi uliitisha mkutano na watu wa mtaa. Walijaa ukumbini, na hawakuja kupiga makofi. Mama Chaki ndiye aliyesukumwa mbele kueleza, kwa kuwa ni mtoto wa pale. Akawaambia kuhusu chumvi. "Mkitaka kujua maji yamekwenda wapi," aliwaambia, "ifuateni chumvi. Chumvi haipotei njiani."

Safu ya pili, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama yake. Hakuuliza swali. Wanaomfahamu wanasema hapo ndipo pangemtia mtu wasiwasi.

Bibi huyo ana miaka sabini na moja, na kutoyaamini maji hakukuanzia kwenye mradi. Zamani, mwaka wa mafuriko, choo cha jirani kilifurika na kisima kikaingiliwa bila mtu kujua. Alimzika mtoto wake wa pili, akiwa na miaka minne, kwa ugonjwa wa tumbo uliodumu siku tatu.

"Ni mdogo wangu niliyemwachia ziwa," anasema Mama Chaki. "Mimi nilikuwa na miaka saba. Siku hiyo maji niliyachota mimi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na katika nyumba ile walioumwa ni wawili.

*

Jumatatu ya kwanza baada ya mkutano, namba tisa kilisoma mia sita na themanini.

"Nikasema, hapa pana namna," anasimulia. Aliosha kifaa. Akabadilisha chupa. Akaenda kupima maji ya bomba la ofisini ili ajue kama kifaa kimeugua. Kifaa kilikuwa kizima. Akarudi namba tisa: mia sita na themanini na tano.

Jumatatu ya pili, mia saba na arobaini. Ya tatu, mia nane na kumi. Mageti ya kuingizia maji mashimoni yakafungwa na pampu zikazimwa, na kiangazi ndiyo kwanza kimepiga hodi, miche ya nyanya imehamishiwa mashambani wiki mbili tu zilizopita.

Hapo ofisi ikafanya lile ambalo ofisi hulifanya. Ilibandika tangazo la mstari mmoja kwamba maji yamesitishwa "kwa sababu za kiufundi", na Mama Chaki akaonywa asifungue mdomo hadi uchunguzi ukamilike. Sababu za kiufundi! Maneno hayo yamewahi kumtuliza nani? Kufikia jioni ya siku ile bondeni kulikuwa na maelezo sita tofauti, na katika manne kati ya hayo jina la Mama Chaki lilikuwamo.

Walisema amehongwa na wauza maji wa magari. Walisema amehongwa na mtaa. Mmoja aliapa amemwona akipokea bahasha, na alipobanwa akasema ilikuwa bahasha ya picha.

Kaka yake, mkulima wa nyanya, hakusema hongo. Alikuja mlangoni kwake na kofia mkononi.

"Dada, niambie mimi. Mimi si mtu wa kando. Maji yana nini?"

"Kaka, siruhusiwi kusema."

"Mimi kaka yako, tumenyonya ziwa moja, huruhusiwi?"

"Siruhusiwi."

"Basi sawa," akasema kaka. "Baki na siri yako. Mimi nina matuta sitini yanayolia kiu." Akaondoka, na kwa mwezi mzima hakukanyaga tena pale.

Mama Chaki naye hakuwaamini hao wanaomshuku. Alimshuku mlinzi wa mabwawa. Alimshuku msimamizi kwamba anafungulia shimo la tatu kwa siri. Alihamisha meza yake ofisini ili asimpe mtu mgongo. Kila alipofika namba tisa alikagua kufuli kwa kioo cha kukuzia, akitafuta mkwaruzo. Hapakuwa na mkwaruzo. Aliyekuwa akifungua, kama yupo, alifungua kwa ufunguo.

Funguo za visima zilikuwa seti mbili tu. Moja ilikuwa kiunoni mwake. Ya akiba ilitakiwa kukaa ofisini, lakini yeye hakumwamini mtu yeyote ofisini.

"Nikaiweka mahali ambapo nilijua haitaguswa," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka, ingawa si kicheko cha furaha. "Kwa mama. Nyuma ya mlango wa jiko, kwenye msumari."

*

Siri ilifichuliwa na muuza duka. Ilikuwa Alhamisi, wiki ya saba tangu ule mkutano. Mama Chaki alisimama dukani karibu na kwa mama yake kununua sabuni, muuza duka akamtania akirudisha chenji.

"Mwambie bibi atualike siku moja. Anapika kwa jeshi gani yule? Kila Ijumaa pakiti mbili za chumvi, zile za kilo."

Mama Chaki aliiacha sabuni pale pale. Mama yake ana presha. Daktari alimkataza chumvi miaka mitano iliyopita, na kila anayekula pale analalamika kwamba chakula hakina ladha.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale. Hawakusema kitakuwa na shuka begani na fimbo ya kutembelea.

Alimkuta mama yake uani akipepeta nafaka. Mazungumzo yaliyofuata wote wawili wameyasimulia kwa mwandishi huyu, kila mmoja peke yake, na yanafanana neno kwa neno, jambo ambalo ni nadra.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

"Mama, chumvi yote ile unapeleka wapi?"

Bibi hakushtuka. Aliweka ungo chini. "Kwenye lile bomba lenu."

"Bomba lipi?"

"Lile la hapo mbele. Wewe si ulisema mbele ya watu, anayetaka kujua maji yamekwenda wapi aifuate chumvi? Nikasema, basi na mimi niifuate. Ijumaa wewe unapeleka ripoti zako, mimi nachukua ufunguo, namimina, narudisha. Kila asubuhi kabla ya chai naonja maji ya kisima changu, natema. Yakiwa na chumvi, najua yenu yanakuja kwangu. Yakiwa hayana, najua umesema kweli."

"Mama! Kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe unafanya kazi kwao. Ningekuuliza wewe, ungenijibu kama mwanangu au kama wao?"

Mama Chaki aliketi kando ya ungo. Akamweleza basi alichokifanya: kwamba ile chumvi ndiyo iliyofunga mageti, kwamba kwa siku thelathini na moja bonde zima halijapata tone.

Bibi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nyanya za mwanangu? Nyanya za kaka yako nimeziua mimi?"

Kati ya matuta sitini, kaka alikuwa ameokoa ishirini kwa kubeba maji kwa baiskeli kutoka mbali. Arobaini yalikuwa yamekwisha kuwa kuni.

"Laiti mngesema," bibi alilia. "Laiti mngeandika tu pale kwenye karatasi, chumvi imeonekana kwenye bomba. Ningekuja mbio mwenyewe. Mimi nilijuaje? Mliandika ufundi, ufundi. Ufundi ndio nini?"

Mwandishi huyu alimpelekea msimamizi wa mradi swali hilo lilivyo. Msimamizi alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Tuseme tumejifunza," alijibu.

Bibi alipotulia siku ile alifuta machozi kwa pindo la shuka, akasema jambo ambalo lilipaswa kuwa habari njema. "Lakini mwanangu, ujue kitu kimoja. Wiki saba nimeonja. Hakuna chumvi. Maji yenu hayafiki kwangu. Sasa nimeamini. Mkutano ujao nitasimama mimi mwenyewe niwaambie watu."

Hebu fikiria. Kitendawili kimeteguliwa. Mageti yafunguliwe, kaka aokoe matuta yake ishirini, na mpinzani mkubwa wa mradi mtaani sasa ni shahidi wake. Mtu mwingine angemkumbatia mama yake na kurudi ofisini akiimba.

Lakini Mama Chaki ana daftari la pili. Hakuna aliyelijua, hata bibi. Kwa miaka mitatu, kila Jumapili akienda kumsalimia mama yake, alikuwa akisubiri bibi aingie ndani, anatumbukiza kifaa kwenye ndoo ya kisima, anaandika namba na kukificha haraka.

"Sikutaka anione," anasema. "Angeniona napima, angesema najua jambo."

Daftari hilo liko mbele ya mwandishi. Ukurasa hadi ukurasa, miaka mitatu: mia nne na nane, mia nne na kumi na mbili, mia nne na tano. Hakuna kiangazi wala masika iliyowahi kuisogeza. Alhamisi ile, haikuwa hata Jumapili, mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni. Bibi alikuwa ameingia jikoni kubandika chai.

Mia nne na sabini na moja.

Akarudia. Mia nne na sabini na mbili.

Akaruka ukuta, mwanamke mzima na koti lake, akapima kisima cha jirani wa nyuma. Mia nne na tisa, kama siku zote. Kwa hiyo haikuwa mvua wala kiangazi. Chumvi aliyoimimina mama yake ilikuwa imetembea hatua arobaini na tatu chini ya ardhi, mahali ambapo ramani haina mshale, ikafika nyumbani kwa mwenyewe. Ilikuwa kidogo mno kwa ulimi wa mtu wa miaka sabini na moja.

Maji ya mradi yenyewe hayakuwa yamefika. Kabla ya zile pakiti, namba tisa kilikuwa safi miaka yote mitatu. Lakini njia ilikuwapo. Siku yatakapofika namba tisa, mlinzi atapiga kelele, na wiki saba baadaye yatakuwa kwenye kikombe cha bibi.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja," anasema Mama Chaki. "Mama alikuwa sahihi, halafu akajishawishi kwamba amekosea."

Alikwenda kukaa kwenye jiwe lililo karibu na namba tisa. Alikaa hadi jua likawa utosini. Akiandika tu kwamba kuna mtu alimimina chumvi, bila kumtaja, mageti yanafunguliwa kesho na kaka anarudi kumsalimia. Akiandika yote, mageti yanabaki yamefungwa, mama anashtakiwa kwa kuharibu kisima cha serikali, na unga wake yeye unamwagika kwa sababu ya ufunguo kwenye msumari. Tena mama mwenyewe alikwisha kuridhika. Hakuna aliyekuwa akimwuliza lolote kuhusu kisima cha uani.

"Nilimkumbuka yule mdogo wangu," anasema. "Siku ile pia maji yalikuwa hayana ladha yoyote."

Alirudi kwanza kwa mama yake. Alimwonyesha kifaa, akamwonyesha daftari la pili, na akamweleza polepole.

Bibi alikigeuza kile kifaa mkononi. "Kumbe ulikuwa unapima," akasema.

"Nilikuwa napima, mama."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Basi ulimi wangu umezeeka," akasema bibi, na akayamwaga maji ya chai yaliyokuwa bado jikoni.

*

Ripoti aliyoiandika ilikuwa na kurasa nne na haikuacha kitu: ufunguo, msumari, pakiti kumi na nne, daftari la siri. Msimamizi aliisoma amesimama.

"Unataka nipeleke juu karatasi inayosema ramani yetu imesahihishwa na mama yako?"

"Nataka upeleke namba," alimjibu. "Mama mtoe ukitaka. Namba usizitoe."

Wataalamu waliletwa na mitambo yao. Walipima miezi miwili. Namba kwenye kisima cha bibi ilipanda, ikafika mia sita kasoro, kisha ikaanza kushuka, wiki saba kupanda kama Ijumaa saba za kumimina. Walichimba mashimo mapya, wakakuta chini ya mtaa kuna mkanda wa mchanga wa chembe kubwa unaopitisha maji upesi, mto wa kale uliofukiwa, ambao hakuna aliyeujua kwa kuwa hakuna mtaalamu aliyewahi kuchimba hapo. Mishale ya bluu ilifutwa ikachorwa upya.

Shimo la tatu, lililo karibu na nyumba, limefungwa moja kwa moja. Matatu mengine yanaendelea, na wakulima wamerudishiwa maji, ila zamu iliyokuwa kila siku ya pili sasa ni kila siku ya tatu. Bibi hakushtakiwa. Aliitwa ofisini, akapewa kiti na onyo, akauliza kama kiti hicho pia ni cha kiufundi.

Mama Chaki alikaa nyumbani siku thelathini bila malipo kwa kosa la ufunguo. Halalamiki. "Lile lilikuwa langu," anasema. "Nilimshuku kila mtu, nikamsahau mtu mmoja." Seti zote mbili za funguo sasa anazivaa shingoni, na zinalia akitembea.

Kaka yake amerudi kumtembelea. Alipohojiwa shambani, katikati ya matuta arobaini yaliyolimwa upya, alichagua maneno.

"Nampenda dada yangu. Mama naye nimeshamsamehe, utafanyaje, ni mama. Ila zamani nilikuwa napanda nikisikia pampu inanguruma. Siku hizi sipandi mpaka nione madaftari yake kwa macho yangu. Yote mawili."

Mwandishi alipomfikishia Mama Chaki maneno hayo alitarajia aumie. Badala yake alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hicho ndicho anachokitaka, na akaeleza mpango wake.

Ameomba kisima namba kumi na tano kichimbwe katikati ya ule mkanda wa mchanga. Hilo limekubaliwa. La pili bado linavutwa huku na huku: anataka vifaa vitatu vya mkononi viwekwe mtaani na vitatu bondeni, na ubao nje ya ofisi ambapo namba za kila Jumatatu zitaandikwa kwa chaki, kubwa, bila neno ufundi. Yeyote apime, aje alinganishe.

"Leo mnaniamini kwa sababu nilijiripoti," anasema. "Kesho nitachoka. Au nitahamishwa, aje mwingine. Au nitapewa hiyo bahasha ya kweli, nani ajuaye? Mimi ni mtu. Nataka wanishuku na mimi, tena wawe na kifaa mkononi."

Kwa kuwa ofisi inajivuta, amenunua kifaa kimoja kwa pesa zake, chenye tarakimu kubwa zinazosomeka bila miwani. Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana.

Saa mbili asubuhi hiyo hiyo, uani kwa bibi, mwandishi anakaribishwa kiti na glasi ya maji. Glasi iko mezani, maji ni meupe pe. Mwandishi anaitazama, anamtazama Mama Chaki, na aibu inampanda usoni. Mama Chaki ameshatumbukiza kifaa chake kwenye ndoo na anaandika.

Bibi anamkataza mgeni kwa kidole. "Usinywe bado."

Anajikongoja hadi kwenye ndoo, anatumbukiza kifaa chake mwenyewe, anakiinua karibu na pua.

"Wewe umeandika ngapi?" anamwuliza binti yake.

"Mia nne na kumi na tatu, mama."

Bibi anakung'uta kifaa, anakifuta kwa pindo la shuka, anakitumbukiza mara ya pili. Binti yake amesimama kando, kalamu mkononi, anasubiri.